Punda Kwanza: Siku Nne kwa Miguu kutoka Nainokanoka hadi Natron

Wazo la kwanza lilikuwa farasi. Mwenzetu mmoja, mpenzi wa filamu za Marekani, alitutumia picha ya watu waliopanda farasi mlimani, nyuma yao farasi wengine wamebeba mahema. "Sisi tunashindwa na nini?" akauliza.

Tunashindwa na ugonjwa. Sehemu kubwa ya Afrika ina virusi vinavyoua farasi. Huenezwa na visubi wanaouma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na farasi asiyechanjwa anaweza kufa ndani ya siku chache. Pundamilia na punda huvistahimili. Basi kwenye nyanda za juu za Ngorongoro ukitaka mnyama wa kubeba mizigo utapata punda, na utampata kwa Wamaasai. Wewe mwenyewe utatembea.

Tulikuwa watano. Tulitoka kijiji cha Nainokanoka, tukapita Olmoti, Bulati na kreta ya Empakaai, tukateremka hadi Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Siku 4, punda 4. Haya ndiyo niliyojifunza, na mengi nilijifunza kwa kukosea.

Hesabu kilo kabla ya kuhesabu siku

Punda wa kwetu ni mdogo, wengi wana kilo 120 hadi 150. Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, na kwa milima ile ni heri upungue. Sisi tuliweka kilo 40 kwa kila mmoja, 20 kila upande. Kwa punda wanne ni kilo 160: mahema, blanketi, vyakula, vyombo na maji.

Maji ndiyo yanayokula nafasi. Dumu la lita 20 ni kilo 20, yaani upande mzima wa punda. Chukua madumu ya lita 10, uning'inize moja kila upande, na mkiwa mnakunywa, punguzeni pande zote mbili. Ukimaliza dumu la kushoto kwanza, umeupindua mzigo kwa mikono yako.

Chakula chetu kilikuwa cha kawaida: unga, mchele, dagaa, vitunguu, chapati za siku ya kwanza. Sufuria tulizifunga ndani ya khanga. Sufuria zinazogongana mgongoni humkera punda, na zitakukera wewe kabla yake.

Kibali kinatoka Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, nanyi mtatembea na askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na chui. Hilo lishughulikie mapema kupitia watu wanaoandaa safari hizo Arusha au Karatu.

Mkague mgongo kabla ya kumkodi

Usikubaliane bei ya punda usiowaona. Pitisha kiganja mgongoni na mbavuni. Akishtuka, pana maumivu. Ukiona kidonda kibichi, mwambie mwenyewe kwa heshima kwamba huyo apumzike. Mzee aliyetukodisha hakuchukia. Alinitazama kidogo, akaenda kumleta mwingine.

Asubuhi ya kufunga

Asubuhi ya kwanza tuliamka mapema ili tumwonyeshe Mzee kwamba si wageni wa kubebwa. Alipofika na kijana wake, mizigo yote ilikuwa imeshafungwa. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akaanza kuyafungua mafundo yetu, moja baada ya jingine, bila neno. Alipofika kwa punda wa nne, yule mwenzetu wa filamu akamwambia, "Mzee, huyo tumemfunga vizuri, mwache." Mzee akamwacha.

Hatukumaliza saa moja. Kwenye mteremko wa kwanza mzigo wa punda wa nne ulizunguka ukaingia chini ya tumbo. Punda akasimama tuli, kamba zimemzunguka, huku unga wetu ukimwagika juu ya nyasi. Upande mmoja ulikuwa na maji na mtungi wa gesi. Mwingine ulikuwa na blanketi. Kwa macho, pande zote zilikuwa sawa.

"Punda habebi ukubwa," Mzee alisema akiwa amepiga magoti. "Anabeba uzito."

Tangu hapo tulifuata utaratibu wake. Kwanza blanketi au magunia laini mgongoni, bila mkunjo hata mmoja, maana mkunjo wa asubuhi ni kidonda cha jioni. Halafu sogi, ile mifuko miwili inayoning'inia huku na huku. Jaza zote mbili zikiwa chini, uzipime. Mizani ndogo ya kuning'iniza, kama ya muuza nyama, inatosha. Vizito vikae chini karibu na mbavu, vyepesi juu. Inueni watu wawili kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Fundo la mwisho liwe la kufunguka ukivuta ncha moja, kwa sababu siku mzigo ukizunguka hutakuwa na muda wa kutafuta kisu.

Kwa miteremko, kamba moja hupita nyuma chini ya mkia ili mzigo usiteleze kuelekea shingoni. Izungushie kitambaa isije ikamchubua.

Mkishatembea nusu saa, simameni. Mzigo umetulia, kamba zimelegea. Kaza upya, hapo ndipo safari imeanza.

Akisimama, simama

Siku ya pili, tukielekea Empakaai, punda wa mbele aligoma. Masikio yamesimama, miguu haiendi. Mwenzetu mmoja akaanza kumsukuma kiunoni, jambo ambalo usilifanye kamwe ukiwa nyuma yake, kama unayapenda magoti yako. Mzee akamzuia. Askari akasogea mbele polepole, akarudi akituashiria tuzunguke kwa juu. Kichakani alikuwamo nyati dume, peke yake.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama afikiri, nasi tumemwita mkaidi kwa sababu hiyo. Hata siku mzigo ulipoingia chini ya tumbo, kusimama kwake ndiko kulikookoa mahema yetu.

Usiku

Ukingo wa Empakaai unapita mita 3,000 na baridi yake si ya mzaha. Beba koti zito, soksi za kulalia na kofia. Kabla hujakumbuka viatu vyako, washushe punda mizigo, wape nafasi wagaragare mavumbini, uwakague migongo tena. Wakati wao wa kula ni huu, maana njiani wamebeba. Giza likiingia wafungwe karibu na moto. Fisi wapo.

Asubuhi punda walibaki kambini nasi tukashuka na askari kupitia msituni hadi kwenye ziwa la magadi lililo ndani ya kreta, heroe wamejipanga ukingoni. Tuliporudi juu mawingu yalikuwa yamefunguka, Oldoinyo Lengai umesimama peke yake upande wa Natron. Jina hilo kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu. Jioni tulilala chini zaidi, kwenye migunga, na siku ya nne tuliteremka hadi Ngare Sero, karibu mita 600 tu juu ya bahari. Pale koti la Empakaai linakuwa mzigo na maji yanakuwa dhahabu. Vumbi la majivu huingia kila mahali, hivyo funika pua kwa leso.

Lipia na njia ya kurudi

Hili wengi hulisahau. Safari yako inaishia Natron, ya Mzee haiishii hapo. Ana siku za kupanda tena hadi kwao na punda watupu. Mnapopatana bei, zihesabu siku hizo, za kwake na za kijana wake, pamoja na chakula chao. Fedha mpe mwenyewe mkononi, na kiasi mkubaliane kabla fundo la kwanza halijafungwa.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa tumefunga tena kabla Mzee hajaja, safari hii bila kelele. Mizani ilikuwa imepotea tangu Empakaai, kwa hiyo tulipima kwa mikono. Alizunguka punda wote wanne. Kila kamba akaivuta kidogo, kila sogi akaiinua kwa kiganja. Kwa punda wa nne alikaa zaidi. Kisha akaokota fimbo yake, akatangulia njiani, na mafundo yote yakiwa kama tulivyoyafunga.