Uvimbe Usiouma Nao Ni Dalili



Hapa kwetu Bisil, mfugaji akigusa kiwele cha ng'ombe wake na kukuta kimekuwa kigumu, hangoji wiki iishe. Siku hiyo hiyo atatafuta dawa. Lakini mke wake mwenyewe anaweza kukaa na uvimbe titini mwaka mzima bila kumwambia mtu. Anaona haya. Tena anasema, "Hauniumi."

Hapo ndipo tunapokosea. Saratani ya matiti inapoanza, mara nyingi haina maumivu. Ikingojwa mpaka iume au itoe kidonda, huenda imekwisha kuenea, na tiba huwa ngumu na ghali. Nchini Kenya ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote.

Mama, yajue matiti yako. Kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, yatazame kwenye kioo, kisha uyapapase polepole mpaka kwapani. Nenda kituo cha afya ukiona:

1. Uvimbe mpya titini au kwapani, hata usipouma.
2. Titi limebadilika umbo au ukubwa.
3. Ngozi imebonyea, au imekuwa kama ganda la chungwa.
4. Chuchu imeingia ndani, au inatoa damu.

Usiogope, uvimbe mwingi si saratani. Lakini atakayekuhakikishia ni daktari baada ya vipimo, si jirani. Nawe unayenyonyesha, usidhani kila uvimbe ni maziwa yaliyoganda. Usipoisha upesi, uonyeshe.

Baba, usiseme hayo ni mambo ya wanawake. Hata wanaume hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache. Mkeo akikuambia, usimlaumu. Uza mbuzi, mwende pamoja mpaka hospitali ya kaunti mjini Kajiado. Na mkitumwa Nairobi, msikate tamaa njiani.

Wake wengi hunyamaza kwa hofu kwamba titi likikatwa, ndoa nayo itakatika. Mwambie mkeo leo, angali mzima, kwamba ulimwoa yeye, na kwamba ahadi ya siku ya arusi ilihusu ugonjwa pia. Neno hilo laweza kumfungua kinywa mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zungumzeni wawili jioni hii:
- Je, kuna jambo la mwili wangu ambalo nimekuficha?
- Mmoja wetu akiugua, nauli na fedha za vipimo tutazipata wapi?