Punda Aliyesimama Barabarani: Kazi Nzito na Misuli ya Mnyama

Na Afisa Habari wa Halmashauri

Kiangazi kilichopita, asubuhi ya Jumatatu, punda wa kukokota maji alisimama katikati ya barabara itokayo kisimani na kukataa kuendelea. Mwenye mkokoteni, kijana aliyekuwa amepakia madumu 12 ya lita 20, yaani kilo 240 za maji bila kuhesabu uzito wa mkokoteni wenyewe, alimchapa fimbo ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa imani ile ile tuliyolelewa nayo wengi wetu kwamba punda akisimama ni ukaidi. Mzee aliyekuwa akipita alimshika mkono akamwonyesha chini. Mkojo wa punda yule ulikuwa na rangi ya kahawa.

Afisa mifugo wa kata alipofika aliikuta misuli ya mapaja imekakamaa kama ubao, na jasho likimtiririka mnyama ilhali jua lilikuwa bado halijapanda. Punda alipona. Hata hivyo alikaa wiki sita bila kazi, na katika wiki hizo kijana alipoteza wateja wake wote, maana maji hayangojei mtu. Nilipozungumza naye baadaye alisema jambo lililonifanya niandike makala hii: kabla ya Jumatatu ile, punda wake alikuwa amepumzika wiki tatu mfululizo. Yeye alikuwa amesafiri kwenda msibani, na nduguye alibaki akimlisha mnyama pumba za mahindi kwa ukarimu. Kijana hakuelewa: mnyama aliyepumzika na kushiba angewezaje kuanguka siku ya kwanza ya kazi?

Jibu la swali hilo limetafutwa zaidi kwa farasi kuliko kwa punda, kwa sababu farasi wa mashindano wana thamani kubwa ya fedha na wenye nao hulipia utafiti. Punda na farasi ni wa jamii moja ya karibu, na misuli yao hufanya kazi kwa kanuni zile zile, ingawa punda ana ustahimilivu wake wa kipekee, hasa wa kiu. Basi yaliyogunduliwa kwenye viwanja vya mashindano ya mbali yana faida hata kwa mkokoteni wa kata yetu.

Farasi akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zake zote hupiga zaidi ya mara 200. Bandama lake, ambalo ni ghala la akiba ya damu, hujikamua na kumwaga chembe nyekundu za ziada kwenye mishipa, na kiasi cha oksijeni anachotumia huongezeka mara 30 au zaidi ya kile cha wakati wa mapumziko. Oksijeni hiyo huingia katika seli za misuli, ndani ya vyumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambako chakula huunguzwa ili kupata nguvu. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo, yapata robo tatu, haisukumi mguu hata hatua moja. Hupotea kama joto, ndiyo maana farasi anayekimbia masafa marefu penye joto huweza kutokwa na jasho la lita 10 na zaidi kwa saa moja, pamoja na chumvi nyingi za mwili.

Sasa, kila penye moto pana cheche. Sehemu ndogo ya oksijeni inayotumika ndani ya misuli hugeuka kuwa chembe korofi, zenye tabia ya kunyakua kutoka kwa kila kilicho jirani nazo: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata vinasaba. Ni kazi ile ile ifanywayo na kutu kwenye bati. Mwili una walinzi wake wa kuzizima cheche hizo. Baadhi ni vimeng'enya vinavyotengenezwa na mwili wenyewe, na baadhi hutoka kwenye chakula, hasa vitamini E na madini ya seleniamu. Cheche zinapozidi uwezo wa walinzi, hali hiyo wataalamu huiita msongo wa oksidesheni. Kuta za seli za misuli hutoboka, na vilivyomo ndani huvuja na kuingia katika damu. Daktari wa mifugo huvitambua kwa kupima damu: kipo kimeng'enya kinachofikia kilele saa chache tu baada ya kazi na kushuka mapema, na kipo kingine kinachobaki juu kwa siku nyingi, hata wiki. Kwa vipimo hivyo viwili huweza kukadiria kama jeraha ni la jana au ni la zamani.

Kikivuja kwa wingi, kile kinachoipa nyama wekundu wake, mayoglobini, huchujwa na figo na kutoka kwenye mkojo. Ile rangi ya kahawa aliyoiona mzee ilikuwa misuli ya punda ikitoka kwa njia ya mkojo, na hatari yake ya pili ni kwamba huweza kuziharibu figo zenyewe.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Katika nchi za Ulaya, zama za farasi wa kukokota magari na majembe, uliitwa ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Farasi alipumzika Jumapili, akapewa nafaka kamili kama ya siku ya kazi, kisha Jumatatu akafungwa kwenye gari na misuli ikamkakamaa hatua chache kutoka zizini. Kijana wetu alirudia kisa hicho bila kukijua, tena kwa wiki tatu badala ya siku moja.

Ningependa msomaji asielewe vibaya hapa na kudhani kwamba kazi ni sumu. Kinyume chake ndicho kilichoonekana kwa farasi. Mnyama anayezoeshwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hujenga mitokondria zaidi na kuongeza walinzi wake mwenyewe, na zile cheche kidogo za kila siku ndizo zinazouambia mwili ujiimarishe. Madhara hutokana na kazi ya ghafla, au iliyozidi, au isiyo na nafasi ya kupona. Kuhusu kupona lipo jambo ambalo mimi mwenyewe nilistaajabu kulisikia: mwanariadha wa kibinadamu huweza kurudisha akiba ya wanga katika misuli yake kwa takriban siku moja akila vizuri, lakini farasi huhitaji siku mbili hadi tatu. Kwa hiyo mnyama aliyebeba mzigo mkubwa kupita kiasi Jumamosi, kisha Jumapili, huingia Jumatatu akiwa na ghala nusu tupu, hata kama usiku alikula akashiba.

Tangu mwaka 1955 huko California, nchini Marekani, hufanyika mashindano ya farasi yajulikanayo kama Tevis Cup, ya maili 100, sawa na kilomita 160, ndani ya saa 24. Njiani yapo mapumziko ya lazima ambapo daktari wa mifugo humpima kila farasi, na anayeonekana kuchechemea au ambaye mapigo yake hayashuki huondolewa, hata kama ndiye anayeongoza. Katika mashindano ya kimataifa ya namna hiyo, ambayo nchi za Ghuba nazo hushiriki sana, kiwango kilichozoeleka ni mapigo 64 kwa dakika baada ya mapumziko mafupi. Mwenye farasi huenda amesafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya siku hiyo, lakini neno la daktari halina rufaa.

Hapa kwetu hakuna daktari anayengoja kila kona ya barabara, lakini kidole kipo. Weka vidole viwili chini ya taya la punda, pale mshipa unapopita juu ya mfupa, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Punda mzima aliyetulia hupiga mara 36 hadi 52. Ukimfungua na kumweka kivulini robo saa, na mapigo bado yako juu ya 64, maafisa wetu wa mifugo wanashauri usimfunge tena siku hiyo. Ni dakika moja tu ya kuhesabu, na haina gharama.

Punda ambaye hajafanya kazi kwa wiki kadhaa, kama ilivyo kwa wengi wakati wa masika, aanze na nusu ya mzigo au chini yake, kisha aongezewe polepole kwa wiki mbili hadi tatu. Siku asizofanya kazi pumba zipunguzwe, nyasi zibaki. Kwa mzigo wa mgongoni, kanuni inayofuatwa na wengi ni kutozidisha theluthi moja ya uzito wa punda. Mwenye kilo 150 asibebeshwe zaidi ya kilo 50, nayo ni madumu mawili na nusu. Nyasi mbichi ni hazina ya vitamini E, na farasi na punda hawawezi kujitengenezea vitamini hiyo. Nyasi zikikaushwa na kuhifadhiwa, sehemu kubwa hupotea. Ndiyo sababu kiangazi huwa kibaya mara mbili, kwa kuwa kazi ya maji huongezeka wakati ule ule ambapo majani mabichi hayapo. Konzi chache za majani mabichi kando ya mfereji zina thamani kuliko mfuko wa dawa. Seleniamu, kwa upande wake, isinunuliwe kiholela madukani, kwani ikizidi ni sumu inayong'oa nywele na kuharibu kwato. Maji na jiwe la chumvi viwepo daima.

Punda akikakamaa njiani, mfungue papo hapo, usimtembeze hata hatua kumi kwa kudhani atalainika, kwa kuwa kila hatua huchana misuli zaidi. Mpeleke maji pale pale aliposimama na umwekee kivuli. Usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, kwa kuwa figo zilizokwisha kulemewa huweza kushindwa kabisa. Mpigie simu afisa mifugo wa kata, na kama hupatikani mtandaoni mtume mtu kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anayo orodha ya maafisa wa Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Mweleze rangi ya mkojo, siku ambazo mnyama alipumzika kabla ya hapo na chakula alichokula, kwa maana hayo matatu ndiyo atakayouliza kwanza.

Kuhusu fimbo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili, na kumtumikisha aliye mgonjwa ni sehemu ya ukatili huo. Kijana wa kisimani sasa anakokota madumu manane na kurudi mara ya pili. Anasema safari ni ndefu zaidi, na wateja wawili kati ya wale wa zamani wamerudi.