Dondoo muhimu: Sauti ipo, maneno hayashikiki

Anayelalamika "nasikia, lakini sielewi" mara nyingi hukimbilia kuongeza sauti ya kifaa chake cha kusikia. Haimsaidii sana. Nguvu ya usemi imo kwenye vokali, ilhali konsonanti kama f, s na sh ni hafifu na zina masafa ya juu. S hufika herzi 4,000 hadi 8,000. Kifaa kikikuza besi tu, "fika" na "shika" huwa kitu kimoja.

Mtaalamu aombwe kupima sauti ndani ya sikio lenyewe, kwa mrija mwembamba wa maikrofoni unaoingizwa pamoja na kifaa. Makadirio ya kompyuta hayatoshi, kwani matundu ya masikio hayafanani.

Kipunguza kelele hupunguza uchovu wa kusikiliza, ila maneno yanayoeleweka huongezeka kidogo mno, kama yakiongezeka. Maikrofoni za mwelekeo, zinazopokea zaidi sauti ya mbele, zina faida zaidi: ukumbini, spika za muziki ziwe mgongoni na msemaji awe mbele. Kwenye gari, abiria wa nyuma atafifishwa na mpangilio huohuo, hivyo programu ya kifaa ibadilishwe.

Na mpenzi wa taarabu akizime kipunguza kelele: mvuto mrefu wa fidla, kifaa huweza kuudhania mngurumo wa feni.