Dundu Mweusi Alaye Funza

Katika somo hili tutajifunza habari za mdudu mmoja ambaye umempita mara nyingi bila kumwangalia. Ukienda katika malisho ya Masisi, tafuta mavi ya ng'ombe yaliyolala siku mbili au tatu, ukayageuze kwa kijiti. Wadudu wengi watakimbia huku na huku. Miongoni mwao mtafute mmoja aliye wa mviringo, mgumu, mweusi wa kung'aa kama kiatu kilichopakwa rangi. Mguse kwa ncha ya kijiti. Mara moja atavuta kichwa ndani, atakunja miguu chini ya tumbo, na kulala kama mbegu ya mti. Ngoja kimya kidogo, nawe utamwona akifufuka na kwenda zake.

Watu wa pwani wanalo neno kifauwongo kwa mdudu ajifanyaye amekufa. Waingereza humwita dundu huyu mchekeshaji. Wataalamu huita jamaa yake yote Histeridae, maana Linnaeus, mtu wa Uswidi aliyepanga viumbe vya dunia kwa majina, alimwandika kwa jina la Hister katika mwaka 1758. Usidharau kazi hiyo ya kutoa majina. Adamu alipewa kazi iyo hiyo katika Mwanzo sura ya 2, na katika 1 Wafalme sura ya 4 tunasoma kwamba hekima ya Sulemani ilifika hata kwa vitambaavyo.

Tuangalie mwili wake. Kama dundu wote, mabawa yake ya juu ni magumu nayo hufunika mabawa ya kurukia. Lakini kwake kifuniko hiki ni kifupi, kama koti lisilofika kiunoni, hata pingili mbili za mwisho za mgongo huonekana wazi. Pembe zake za kunusia zimepindwa kama kiwiko, na mwishoni zina kifundo. Miguu ya mbele ni mipana yenye meno, ya kuchimbia. Taya zake zimetokeza mbele. Ukiona dalili hizi zote pamoja, usiwe na shaka.

Aina zilizokwisha kuandikwa duniani zapita 4,000. Wengine hawapiti milimita moja, na walio wakubwa kabisa hufika karibu milimita 20. Wengi ni weusi, wengine wana madoa mekundu, na wengine hung'aa buluu au kijani kama chuma. Wataalamu huwatenga kwa kuangalia mistari midogo iliyochorwa juu ya mabawa, na mahali ambapo kila mmoja huficha pembe zake anapojikunja. Kazi hiyo yahitaji darubini. Lakini sisi tusio na darubini twaweza kujua mengi kwa umbo tu, kwa sababu umbo la mdudu huyu lafanana na nyumba yake. Wenye mviringo huishi katika mavi na mizoga. Wengine ni bapa kama karatasi. Hao hukaa chini ya maganda ya miti iliyoanguka, na katika mashina ya migomba yanayooza. Ukishuka kutoka milima ya Masisi hata msitu wa Walikale, ambako magogo na migomba ni mingi, watafute hapo. Wengine tena ni wembamba wa mviringo kama kipande cha msumari, wapate kuingia katika matundu ya wadudu watoboao miti. Wengine wamejipatia makao katika viota vya sungusungu na vya mchwa, nao wenye nyumba huwavumilia. Hao ndio wanaonishangaza kuliko wote.

Sasa tuje kwenye chakula chake, maana hapo ndipo afya yako inapoingia. Yeye hali mavi, wala haji kwa ajili ya nyama iliyooza. Anakuja kuwala waliomo, yaani mayai na funza wa nzi. Mtoto wake naye ni mwindaji kama mzazi. Humwuma funza, humtia mate yayeyushayo nyama, kisha humnywa.

Fikiri hesabu ya nzi. Nzi mmoja wa nyumbani hutaga mayai kama 100 au zaidi kwa mara moja, naye hutaga mara kadha wa kadha. Mahali pa joto, yai laweza kuwa nzi kamili katika siku kumi hivi. Juu milimani, kwa baridi, ni siku nyingi zaidi. Kama hakuna awalaye hawa funza, tungeweza kula wapi bila kufukuza nzi? Nzi atoka chooni akiwa na uchafu katika miguu yake, akatua juu ya ugali wa mtoto, au juu ya jicho lake. Hivyo huleta ugonjwa wa kuhara, na kuhara damu, na ule ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Sisemi kwamba nzi ana hatia peke yake. Katika mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wengi walipofika Goma, kipindupindu kiliua maelfu, na mwenye hatia kubwa alikuwa maji machafu. Kuhara damu kukafuata nyuma yake. Lakini mahali watu walipobanana, vyoo ni vichache na nzi ni wengi, magonjwa haya hupata njia nyingi.

Basi je, tumwachie dundu kazi yote? La, mama. Yeye ni msaidizi tu. Kumbukumbu la Torati sura ya 23 yatoa amri ya kuchimba shimo nje ya kambi na kufunika uchafu, na amri hiyo haijapitwa na wakati. Choo kiwe na kifuniko. Mavi ya mtoto mchanga nayo ni mavi, yatupwe chooni. Iko aina ya nzi apendaye macho ya watoto, naye huzaa hasa katika mavi ya watu yaliyoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo kila nyumba yenye choo kinachotumiwa na watu wote imemwondolea nzi huyo kitanda cha kuzalia. Na mtoto akianza kuhara, usimnyime maji wala ziwa. Kama huna pakiti ya dawa ya maji kutoka zahanati, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo. Ukiona damu, au macho yamezama ndani, au mtoto hawezi kunywa, usingoje kesho. Mlete hospitalini.

Jambo jingine ni la wafugaji. Ng'ombe akifa porini, na baada ya siku chache dundu weusi wakitoka katika mzoga, wako watu wasemao kwamba ni uchawi, kisha huanza kumtafuta jirani wa kumshtaki. Ndugu yangu, njia yenyewe ni hii: harufu iliita nzi, nzi walizaa funza, na funza wakamwita dundu. Hakuna mtu aliyewatuma. Swali la kuuliza ni ng'ombe amekufa kwa ugonjwa gani. Kama amekufa ghafula, na damu yatoka puani au mkunduni, yaweza kuwa kimeta. Usimchune, usimpasue, usile nyama yake, wala usiwagawie watu wa kanisani kwa huruma. Mwite mganga wa mifugo, na mzoga uzikwe chini sana au uchomwe. Dundu hawezi kuiondoa sumu ya kimeta.

Tena, jihadhari na dawa. Wengine humwaga petroli au dawa ya wadudu katika choo na katika lundo la mavi. Nzi hufa, lakini dundu naye hufa. Kisha nzi hurudi upesi kuliko yeye. Dawa nyingine za minyoo ya ng'ombe, kama ivermectini, hutoka pamoja na mavi na kuua wadudu waliomo kwa siku nyingi. Ng'ombe mgonjwa atibiwe, lakini usiwape kundi zima kila mara kwa mazoea. Na mwenye kuku, usafishapo banda, acha sehemu ndogo ya takataka ya zamani iliyo kavu, maana dundu mdogo wa jamaa hii hukaa humo akila mayai ya nzi.

Mwisho niseme habari ya ghala. Katika mwaka 1981 ilijulikana kwamba mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati alikuwa akiharibu mahindi na mihogo mikavu katika upande wa Tabora, Tanzania. Watu walimwita dumuzi, na wengine Scania, kama lile lori. Alikotoka anaye adui, dundu mwembamba aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye humfuata ndani ya matundu yake na kula watoto wake. Dundu huyo aliletwa Afrika akaachiliwa Togo katika mwaka 1991, na Kenya katika mwaka 1992. Alisaidia mahali pengine, pengine hakutosha. Kwa hiyo wewe kausha mahindi yako vizuri, yapukuchue, uyaweke katika chombo kinachofungwa sana.

Wiki hii, kabla ya darasa, kila mmoja ageuze kwa kijiti lundo moja la mavi ya ng'ombe, au shina moja la mgomba uliooza, ahesabu dundu hao aliowaona, kisha anawe mikono kwa sabuni. Tutalinganisha hesabu za watu wa milimani na za watu wa msituni.