SOMO: Alama Unazoandika Kwenye Fomu Ni Amana



Somo la leo linawahusu zaidi dada zetu wanaojiandaa kwenda kusoma Marekani, wawe wa shahada nzima au wa muhula mmoja tu wa kubadilishana wanafunzi. Kaka nao wasilipite, kwa kuwa fomu zinazouliza alama hazibagui.

Katika vyuo vya Marekani kuna jumuiya za wasichana ziitwazo sororiti. Nyingi hujulikana kwa herufi za Kigiriki. Alpha Kappa Alpha, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1908 na wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka 2005 ikaanzishwa Gamma Gamma Chi, yenye msingi wa Kiislamu. Wanachama huitana dada, hufanya kazi za kujitolea, na husaidiana hata baada ya kuhitimu. Kama chama fulani kinamfaa binti wa Kiislamu au hakimfai, hilo ni somo la siku nyingine. Leo tutazame mstari mmoja tu wa fomu: wastani wako ni ngapi?

1. Kwa nini wanauliza

Vyuo vingi vya Marekani hupima wastani wa alama kwa kipimo kinachoishia 4.0. Vyama vingi vya sororiti huweka kiwango cha chini cha kuingilia, vingine 2.5, vingine zaidi, na chuo nacho kinaweza kuwa na kiwango chake. Shughuli za chama hula muda, na hawataki kumpokea mtu ambaye zitamwangusha masomo.

Kwa kawaida mwombaji husaini ruhusa ya kuhakikiwa alama zake, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1974 huzuia chuo kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila idhini yake, isipokuwa katika hali maalumu. Kwa hiyo sahihi ile ni ushahidi. Unasema: nilichoandika ni kweli, nendeni mkaangalie.

2. Uongo uliovaa nguo za ukweli

Ni wachache wenye 2.0 watakaothubutu kuandika 3.5. Hatari kubwa iko kwenye uongo mdogo ambao nafsi huupatia jina zuri. Tutaje aina tatu.

Kwanza, kusogeza namba. Mtu ana 2.46, anaandika 2.5 na kusema amekadiria tu. Ikiwa sharti ni 2.50, zile 0.04 ndizo zilizoulizwa. Hajakadiria, amevuka mpaka usiku.

Pili, kuchagua muhula. Fomu inauliza wastani wa jumla, naye anaandika wa muhula uliopita kwa kuwa ndio mzuri. Namba ni ya kweli, lakini si jibu la swali aliloulizwa.

Tatu, kunyamaza kuhusu kipimo. Hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere hupima hadi 5.0, na huko 3.4 ni daraja la pili la chini. Ukiiandika 3.4 peke yake kwenye fomu ya kipimo cha 4.0, msomaji ataona mwanafunzi anayekaribia kileleni. Hujabadili hata tarakimu moja, lakini umemdanganya. Andika "3.4 kati ya 5.0", ambatisha maelezo ya madaraja yaliyo kwenye hati yako ya matokeo, na uulize ofisi husika inageuzaje alama za nje. Usijigeuzie mwenyewe kwa hesabu inayokupendeza.

3. Nafaka iliyolowa

Tunakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona.

Tuzingatie hapo. Kunyeshewa si aibu. Mwanafunzi anaweza kuugua, kufiwa, au kuchelewa kulipiwa ada na kukosa mitihani. Kosa ni kuifunika nafaka mbaya kwa iliyo kavu. Basi weka iliyolowa juu. Kama fomu ina nafasi ya maelezo, sentensi mbili zinatosha: "Wastani wangu wa jumla ni 2.46. Muhula wa kwanza nilipata 2.10 kwa sababu ya ugonjwa, na wa pili nikapata 2.82." Anayesoma ataona tatizo, na ataona pia kuwa unapanda.

4. Ukweli una gharama

Tusidanganyane kwamba msema kweli hupokelewa kila mara. Pengine watamkataa, na wenzake wa bwenini wataingia yeye akibaki nje. Ka'b bin Malik alipobaki nyuma katika safari ya Tabuk, alikuwa na ufasaha wa kutunga udhuru kama wengine. Akasema kweli, na watu wakaamriwa wasiseme naye. Ikawa siku 50 ngumu kabla toba yake haijakubaliwa. Ukweli ulimtoa, lakini haukumtoa siku ileile.

Aliyekataliwa kwa 2.46 anaweza kupandisha alama na kuomba tena. Baadhi ya vyama hupokea wanachama hata nje ya msimu mkuu. Aliyeingia kwa 2.5 ya uongo huishi akiogopa siku ya uhakiki, na akigundulika anaweza kuondolewa na hata kufikishwa kwenye nidhamu ya chuo. Zaidi ya hayo, nafasi zikiwa chache, amekalia kiti cha dada mwingine aliyeandika kweli. Hiyo ni haki ya mtu, na kuirudisha ni kugumu.

Na wewe unayeombwa kuandika barua ya kumpendekeza rafiki: usitaje alama usizozijua. Sifia unachokijua.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Rafiki yako amekuonyesha fomu yenye namba iliyosogezwa. Utamwambia nini, na utamwambia wapi ili usimfedheheshe?

2. Ni fomu zipi hapa chuoni kwetu, za mikopo, za vyeo au za kazi, zinazotutia katika jaribu hilihili?

3. Taja "nafaka iliyolowa" katika matokeo yako. Ungeielezaje kwa sentensi mbili za kweli?

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wakweli, na atubariki katika masomo yetu. Amin.