Mwanangu na Vita vya Simu

*Mshauri, shule zimefungwa na kijana wangu wa miaka 15 amerudi kutoka Lodwar. Mchana kutwa anacheza Fire Emblem kwenye simu. Juzi aliniomba nambari ya siri ya M-Pesa eti "avute shujaa." Je, ameharibika? Mama K., Kakuma.*

Hajaharibika, Mama K. Unahofia muda na pesa, na kuhusu pesa una haki.

Msururu wa michezo ya Fire Emblem ulianza Japani mwaka 1990. Hautaki vidole vya haraka: unasogeza askari wako wote, kisha ni zamu ya adui. Ni kama wazee wanavyocheza kete za mashimo chini ya mti. Mtu hupiga hesabu bila kukimbizwa. Isitoshe, kila askari ana jina na tabia zake, na katika matoleo ya awali akiuawa ndiyo basi, harudi. Kwangu mimi, ukali huo ndio utamu wenyewe.

Toleo la simu, la 2017, lina mtego: mashujaa hupatikana kwa bahati nasibu, na nafasi za kuvuta zinauzwa. Nambari ya siri usimpe. Weka nywila kwa kila ununuzi.

Usimpokonye simu katikati ya pambano. Ni la dakika chache, amalize ndipo akachote maji. Usiku simu ilale kwako. Tena muulize, kwa mfano, kwa nini alimtanguliza askari mpanda farasi. Atakueleza mpaka uchoke.

Akikosa usingizi, akiiba pesa au akiwakwepa rafiki zake kwa majuma kadhaa, mwone mwalimu mshauri wa shule, au mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti, Lodwar.