Bwawa la Kuogelea Lisilopoteza Maji wala Umeme

Hoteli, nyumba za wageni na hata baadhi ya kaya za Mbeya na Iringa zina mabwawa ya kuogelea. Miji hii iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mchana huwa na jua, lakini usiku ni baridi kali, hewa ni kavu na upepo huvuma. Hali hiyo hupoza bwawa na kupunguza maji yake.

Hasara hiyo haimhusu mwenye bwawa peke yake. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya bonde la Usangu, Mbeya, na ya Ruaha Mdogo unaopita Iringa, kisha hulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwetu, anayeokoa maji huokoa na umeme.

Joto hupotelea wapi?

Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5. Hilo hubeba lita 75,000. Kuyapasha maji hayo nyuzi joto moja tu kwa hita ya kawaida ya umeme hutumia uniti zipatazo 87. Aidha, kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto linalotosha kupasha zaidi ya lita 500 kwa nyuzi joto moja. Bwawa hilo likipungua milimita 5 kwa siku, linapoteza lita 250 kila siku, yaani lita 7,500 kwa mwezi.

Hatua tunazoshauri

1. Funika bwawa kila lisipotumika, hasa usiku. Hatua hii ina gharama ndogo na faida kubwa kuliko zote. Kifuniko chepesi hakimzuii mtoto kuzama, hivyo uzio na uangalizi ni lazima.

2. Zuia upepo kwa ukuta au ua wa miti mifupi. Usipande mikaratusi karibu, kwa kuwa hunywa maji mengi na kuchafua bwawa kwa majani.

3. Pasha maji kwa jua. Mabomba meusi ya plastiki yaliyolazwa juu ya paa hupasha maji yanayosukumwa na pampu mchana. Yaelekeze kaskazini, kwa sababu jua la miezi ya baridi hupita upande huo. Usichome kuni wala mkaa kwa kazi hii.

4. Punguza saa za pampu. Pampu ya kilowati 1 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 24. Ikiwaka saa 8 hutumia uniti 8. Tofauti kwa mwezi ni uniti 480. Zidisha kwa bei yako ya LUKU uone. Hata hivyo, usipunguze hadi maji yakapoteza uangavu, wala usipunguze klorini chini ya kiwango salama.

5. Pima uvujaji. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke juu ya ngazi iliyo ndani ya bwawa, kisha weka alama ya kimo cha maji ndani na nje ya ndoo. Zima pampu. Baada ya saa 24, maji ya bwawa yakiwa yamepungua zaidi ya yale ya ndoo, bwawa linavuja. Rekebisha kabla ya kuongeza maji.

6. Usimwage maji yenye klorini mtoni au kwenye mfereji wa umwagiliaji, kwani huua samaki na viumbe vingine. Acha kuongeza dawa, yaache wazi juani siku kadhaa, na uyapime kwanza.

Kabla ya kujenga

Mwombe fundi akuandikie ujazo wa bwawa, nguvu ya pampu kwa kilowati na bei ya kifuniko. Ukipewa bei ya ujenzi pekee, hujaelezwa gharama za kuliendesha, nazo utazilipa kila mwezi.